Jiwe la Msaada

Somo: 1 Samweli 7:5-12



Siku ya mavuno twaona mbele ya madhabahu mahindi, ndizi na maboga. Mwingine huleta sadaka ya shukrani kwa kuwa amejifungua salama, mwingine kwa kuwa mtoto wake amefaulu mtihani. Ni vema. Lakini je, umepata kumwona mtu akija mbele na kusema, "Namshukuru Mungu, mwezi huu nimelala usingizi, nimekula vizuri, wala sikukosa siku yangu ya kliniki ya wagonjwa wa akili"? Ni nadra sana. Mgonjwa hunyamaza kwa haya, na jamaa zake humficha. Nasi tumechangia, maana twapenda kusikia ushuhuda wa aliyepona kabisa. Aliye bado njiani hatumpi nafasi ya kusema.

Basi mtazameni Samweli. Waisraeli walikuwa wamepigwa na Wafilisti mahali palipoitwa Ebenezeri, hata sanduku la Mungu likatekwa. Miaka ikapita. Siku moja Bwana akawapa ushindi karibu na Mispa. Samweli akatwaa jiwe, akalisimamisha, akaliita kwa jina lile lile, Ebenezeri, yaani jiwe la msaada. Angalieni maana yake: alishukuru kwa mwendo waliokwisha kwenda, bila kungoja vita vyote viishe. Tena vita havikuisha. Siku za Sauli Wafilisti walirudi, na Goliathi akasimama bondeni akiwatukana. Hata hivyo hatusomi kwamba mtu alisema jiwe lile lilikuwa la uongo. Msaada wa siku ile ulikuwa msaada wa kweli.

Yuko mtu mmoja ambaye twaimba maneno yake bila kujua habari zake. Wimbo wa chemchemi ya damu ya Imanueli, tunaouimba mpaka leo kwa Kiswahili, ulitungwa na William Cowper, Mwingereza aliyezaliwa 1731, mwana wa kasisi. Mwaka 1763 alipatwa na hofu na huzuni kuu, akajaribu kujiua mara kadhaa. Ndugu zake wakampeleka St Albans kwa daktari Nathaniel Cotton, aliyemtunza kwa upole hata akatoka mwaka 1765. Akapokewa katika nyumba ya kasisi Unwin. Kasisi alipofariki, Cowper na mama Mary Unwin walihamia Olney, na huko akawa rafiki wa John Newton, aliyekuwa zamani nahodha wa merikebu za watumwa. Hapo ndipo alipotunga tenzi zake.

Lakini mwaka 1773 ugonjwa ulirudi kwa nguvu. Cowper aliamini kabisa kwamba Mungu amemkataa. Newton hakumfukuza, alimkaribisha nyumbani kwake zaidi ya mwaka mmoja. Kisha majirani wakampa sungura, naye akawafuga watatu. Akawatengenezea vizimba, akalima bustani, polepole akarudi kuandika. Mwaka 1779 kitabu cha tenzi za Olney kilipochapwa, zaidi ya 60 zilikuwa zake. Ugonjwa haukumwacha mpaka alipokufa mwaka 1800. Je, tuseme tenzi zile ni bure? Hasha! Kila moja ni jiwe la msaada, na Kanisa zima limepumzika hapo.

Kutokana na habari hizi tujifunze mambo matatu.

Kwanza, wewe uliye mgonjwa, hesabu hatua ndogo. Jana hukuweza kuamka. Leo umeoga, umefagia uani, umemsalimu jirani. Usiseme, "Hilo hata mtoto aliweza." Kwa mwenye mguu uliovunjika, kufika mlangoni ni safari. Mwambie Mungu asante kwa hatua hiyo, tena umwambie na mtu mmoja unayemwamini.

Pili, dawa si dalili ya imani haba. Siku za Cowper hazikuwapo dawa tulizo nazo. Mojawapo ya dawa za kwanza zenye nguvu juu ya maradhi makali ya akili ilianza kutumika hospitalini mwaka 1952. Wengine wetu wakiombewa na kuona nafuu hutupa vidonge au huacha sindano ya mwezi, ili ushuhuda upendeze. Usifanye hivyo. Shukuru kwa nafuu, na habari za kupunguza dawa zungumza na daktari wako. Na ugonjwa ukirudi, usidhani shukrani yako ya kwanza ilikuwa uongo. Rudi hospitali mapema, bila haya.

Tatu, sisi washarika. Eliya alipochoka hata akaomba afe, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili (1 Wafalme 19). Basi mpelekee mgonjwa uji. Msindikize kliniki, msaidie nauli. Usimwite kichaa, wala usiwaambie watu siri yake. Usimfunge kamba wala usimfungie ndani. Akija na sadaka yake ya shukrani, hata ikiwa yai moja, ipokeeni kwa furaha ile ile mnayopokea gunia la mahindi.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetufikisha hapa, wape nguvu wote waliolemewa na maradhi ya akili. Wafumbue macho waone hatua walizokwisha kupiga, na utufanye sisi kuwa wenzao wa njiani, mpaka siku ile utakapowapa uzima ulio kamili. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.