Hadi Tarehe 6 Januari

Oratorio ya Krismasi ya Johann Sebastian Bach huanza kwa ngoma. Zinapigwa peke yake kidogo, filimbi zinajibu, matarumbeta yanaingia, kisha kwaya nzima inapaza sauti kwa shangwe. Ukiwa ndani ya Kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Leipzig, Ujerumani, sauti hizo zinakujia kutoka nyuma, kwa kuwa waimbaji wako juu kwenye roshani na wewe umekaa umeelekea madhabahu. Huwaoni. Sisi tuliozoea kwaya inayojipanga mbele na sare zake na hatua zake, shingo hutuuma dakika kumi za mwanzo. Ukishaacha kugeuka, unachokiona ni sakafu karibu na madhabahu, palipolazwa bamba la shaba lenye jina la Bach. Kaburi lake liko hapo tangu mwaka 1950.

Mji huo si mgeni kwetu Walutheri wa Kaskazini. Mwaka 1893 wamisionari wa Leipzig walifika Machame, na nyimbo za kwao zikapanda mlima pamoja nao. Ndiyo maana mtu wa Kilimanjaro anaweza kukaa katika kanisa lile, asielewe neno hata moja la Kijerumani, na bado akashtuka ghafla: huu wimbo naujua!

Na kinachomshtua ni kwamba anaujua kama wimbo wa Ijumaa Kuu. Wimbo wa kwanza wa kitabuni katika oratorio hiyo una maneno ya Majilio ya Paul Gerhardt; mwamini anamwuliza Bwana ampokeeje. Lakini tuni aliyoichagua Bach ni ileile tunayoimbia kichwa cha Yesu kilichovikwa miiba, na maneno hayo ya mateso nayo kwa Kijerumani ni ya Gerhardt huyohuyo. Mtoto hajazaliwa bado, mbeleko haijatajwa, na tayari unasikia Golgotha. Wapo wataalamu wanaosema tusikuze mambo, kwamba tuni hiyo wakati ule ilibeba maneno ya kila namna. Ni kweli: ilianza mwaka 1601 kama wimbo wa mapenzi wa Hans Leo Hassler. Mimi sibishani nao. Ila aliyesimama makaburini na wimbo ule hawezi kuambiwa asisikie alichokisikia.

Sasa tazameni jinsi kazi hii ilivyopangwa. Siku hizi kwa kawaida huimbwa sehemu tatu za kwanza jioni moja, kwa tiketi, na watu wakarudi nyumbani wameridhika. Bach aliiandika kwa ajili ya ibada, sehemu sita kwa siku sita: tarehe 25, 26 na 27 Desemba 1734, Mwaka Mpya, Jumapili iliyofuata, na Epifania, tarehe 6 Januari 1735. Sehemu ya kwanza iliimbwa asubuhi katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai na alasiri kwa Mtakatifu Thomas. Sehemu kubwa ya muziki haikuwa mpya. Zile ngoma za mwanzo zilikuwa zimelia mwaka uliotangulia, Desemba 1733, katika siku ya kuzaliwa ya malkia Maria Josepha. Bach akachukua sherehe ya ikulu akaipeleka horini. Ningependa wahazini wetu walifikirie hilo kabla ya kunieleza kwamba kilichobaki kwenye mfuko wa harusi ya fulani hakiwezi kuwafikia yatima.

Lakini nilikuwa nasema habari ya siku sita. Mamajusi hawafiki mpaka sehemu ya tano, na Herode anawaita kwa siri katika ya sita. Hapo furaha inaingiwa na hofu, kwa sababu mtawala anayemwulizia mtoto kwa upole namna ile hana nia njema. Kisha, baada ya Herode, wimbo wa mwisho kabisa: tuni ileile ya Ijumaa Kuu inarudi, safari hii na ngoma na matarumbeta, ikitangaza kwamba mauti na Shetani wameshindwa. Aliyetoka baada ya sehemu ya tatu hakuisikia. Ameondoka harusini kabla ya ndafu kuingia.

Nasi ndivyo tunavyoiadhimisha Krismasi. Tarehe 25 watu wanakaa hadi nje, chini ya turubai, magari ya Dar es Salaam yamejaa mpaka barabarani. Tarehe 26 nawahubiria wazee na watoto wa kipaimara, nao kipaimara wanakuja kwa sababu wanaandikwa mahudhurio. Ikifika Epifania, moyo wa kila mmoja uko kwenye ada ya shule na nauli, na Herode anabaki hajahubiriwa. Wakati huo ndipo mwenye msiba, aliyedanganywa na mwenye madaraka, aliyefukuzwa kwenye shamba la babake, angesikia kwamba Injili ya Krismasi inamjua.

Ibada ya tarehe 6 Januari itakuwepo, na nimemwomba mwalimu wa kwaya matarumbeta yapigwe siku hiyo. Wale ambao hamjakata tiketi ya basi, kateni ya tarehe 7.