Huruma kwa Mnyama na Dhambi ya Israfu

Chini ya mlima wa Ndara, karibu na mji wa Voi, mashamba ya wakulima wa Sagalla yamepakana na nyika ya ndovu wa Tsavo. Katika ukame wa mwaka 2022 Serikali ya Kenya ilitangaza vifo vya ndovu 205. Watoto wao waliobaki mayatima huokotwa, wakanyweshwa maziwa, na wengine hulelewa huko Voi mpaka waweze kurudi mwituni. Hiyo ni kazi njema, wala haibezi ila aliyeisahau habari iliyomo katika Sahihi Bukhari, ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Lakini twauliza: je, huruma hiyo yatosha, na hali miti ya nyika ile ile yakatwa ikafanywa makaa ya kuwashwa katika seredani za mijini? Mti ukiondoka, malisho na kivuli huondoka nao; na ndovu mwenye njaa huingia shambani, akamaliza kwa usiku mmoja jasho la mwaka mzima. Basi sisi twapata moto, na mkulima apata njaa. Huu si uadilifu.

Wako wasemao kuwa dawa ni kumpiga marufuku mchoma makaa. Sisi twaona kwamba kumkataza maskini riziki yake bila ya kumwonyesha njia nyingine ni dhulma ya pili. Na njia ipo. Voi na Mwatate ni nchi ya mkonge, na katika jani la mkonge uzi ni sehemu chache tu katika mia. Zilizobaki ni taka. Huko Hale, katika mkoa wa Tanga, mwaka 2008 ulifunguliwa mtambo wa kuzitumia taka hizo: hutiwa katika tangi lisiloingia hewa, zikachacha, ikatoka gesi ya kuendeshea mashine ya umeme, na masalio yake yakawa mbolea. Samadi ya ng'ombe nayo hutoa gesi ya kupikia kwa njia iyo hiyo.

Ndugu zetu, israfu iliyokemewa na Qur'ani si kumwaga chakula tu. Kuacha moto uozee jalalani, kisha tukaufuata mtini, ni israfu pia. Yawapasa wenye mashamba, Serikali ya Kaunti na matajiri wetu watoao sadaka waigharimie mitambo hii, ili anayemhurumia ndovu amhurumie na mkulima.

Mwenyezi Mungu atuafikie. Amin.