Amri juu ya Tumbaku na Pumzi ya Jirani

Sisi wa kanisa la Kimbangu hapa Manika tuko na maneno matatu tunayoyajua wote: Upendo, Amri, Kazi.

Siku hizi vijana wanaleta ulizo moja, na si ulizo la kuchekea. Wanasema: “Wazee, kanisa linakataza tumbaku. Lakini kifaa hiki kipya cha umeme hakina jani, hakina moto, hakina majivu. Kinatoa muvuke tu, wenye harufu ya ndizi ao ya maembe. Ikiwa amri inasema tumbaku, na hii si tumbaku, tunavunja amri gani?”

Mukubwa anayejibu “Ni zambi, nyamaza” hajamujibu kijana. Amemufukuza tu, na kijana atakwenda kuvuta nyuma ya nyumba. Tutafute jibu lenyewe.

Kwanza tujue kitu kinachosemwa. Kifaa hiki kilibuniwa na Hon Lik, mutu wa China, mwaka 2003. Ndani yake muko betri, waya mudogo unaopata moto, na maji mazito. Waya unachemsha maji, na mutu anavuta muvuke wake. Katika maji mengi ya namna hiyo muko nikotini, ile sumu ya tumbaku inayomufunga mutu kama mutumwa. Jani halimo, lakini kamba ya jani imo. Tena muko manukato ya kiwanda, na wenye elimu wamekuta ndani ya muvuke vipande vidogo sana vya chuma, kama nikeli na risasi, vinavyotoka katika kifaa chenyewe.

Inchini Marekani, mwaka 2019, watu wengi, sehemu kubwa vijana, waliingia hospitali wakishindwa kupumua. Kufika Februari 2020 walihesabiwa zaidi ya 2,800, na 68 walikufa. Tuseme kweli yote: wengi wao walivuta mafuta ya bangi yaliyochanganywa na kitu kibaya. Lakini kwa macho, ule nao ulikuwa muvuke tu.

Tuseme kweli nyingine pia. Waganga wanakubali kwamba mutu aliyevuta sigara miaka mingi, akiiacha kabisa na kushika muvuke peke yake, anapokea sumu kidogo kuliko zamani. Hatubishani nao. Lakini kijana ambaye hajavuta kitu hata siku moja, yeye hapunguzi chochote. Anaongeza.

Vijana wanatujibu: “Mwili ni wangu. Nikiuharibu, ni hasara yangu.” Hapa ndipo tunapofika kwenye shina la jambo.

Mwaka 1981, munganga wa Japani aliyeitwa Takeshi Hirayama alitoa matokeo ya kazi ndefu. Alikuwa amefuata kwa miaka 14 wanawake zaidi ya 91,000 ambao hawakuvuta sigara. Akakuta kwamba wale ambao bwana zao walivuta sana walikufa kwa kansa ya mapafu kuwapita wale ambao bwana zao hawakuvuta. Wanawake hao walipika, walizaa, walilala karibu na bwana zao, ni hiyo tu. Leo Shirika la Afya la Dunia, OMS, linasema kwamba kila mwaka zaidi ya watu milioni 1 wasiovuta wanakufa kwa sababu ya moshi wa wengine. Muvuke wa kifaa kipya uko na sumu chache kuliko moshi wa sigara, lakini nikotini yake na chembe zake laini zinabaki katika hewa ya chumba, na yule aliyekaa hapo bila kuvuta anazipokea.

Basi kijana anaweza kusema “kinywa ni changu”. Hawezi kusema “hewa ni yangu”. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, mutu alikuwa udongo tu mupaka Mungu alipompulizia pumzi. Pumzi si mali tuliyonunua sokoni. Ni mukopo, na wote tunauchukua kutoka mufuko mumoja. Hewa iliyotoka kifuani mwangu sasa hivi, dakika inayofuata iko kifuani mwa mutoto wangu.

Tuone tena namna Mutume Paulo alivyofanya katika barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 8. Watu walibishana juu ya nyama: hii inaruhusiwa, ile imekatazwa. Paulo hakubaki kwenye nyama. Alitazama ndugu zaifu aliyeketi karibu na meza, akauliza yeye atapata hasara gani. Hivyo ndivyo tunavyopaswa kusoma amri yetu. Amri juu ya tumbaku haikuwekwa kwa sababu Mungu anachukia jani. Yeye mwenyewe aliliumba. Iliwekwa ili kulinda pumzi, ya yule anayevuta na ya yule anayekaa karibu. Jina la kitu likibadilika na hasara ikabaki, amri nayo inabaki.

Lakini vijana wetu wako na akili, na wanatupiga na neno gumu zaidi. Wanasema: “Munatukemea juu ya muvuke kidogo, na muji muzima wa Kolwezi unakula vumbi ya mine. Makamyo yanapita muchana na usiku. Mbona hamusemi?”

Ni haki yao kuuliza. Munakumbuka kartie Kasulo. Mwaka 2014 mutu alikuta mawe ya kobalti chini ya nyumba, na muda mufupi watu wakachimba mashimo ndani ya viwanja, karibu na jiko, karibu na kitanda. Wenye elimu wa Universite ya Lubumbashi pamoja na wa Louvain, inchini Ubelgiji, walipima damu na mukojo wa watu 72 wa Kasulo, kati yao watoto 32. Mwaka 2018 walitoa matokeo: katika mukojo wa watoto wa Kasulo kobalti ilikuwa mara 10 kuliko ya watoto wa kartie nyingine ya karibu. Watoto hao walikuwa wakipumua na kumeza vumbi iliyokuwa nyumbani kwao.

Na tuangalie ajabu hii: betri ya kile kifaa cha muvuke ni ya litiamu, na betri nyingi za namna hiyo zinahitaji kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yote inatoka katika inchi yetu. Mutoto wa Kolwezi anavuta vumbi yake ikitoka udongoni, kisha kaka yake ananunua kifaa kilichotoka ngambo ili avute tena.

Je, mambo haya mawili ni sawasawa? Hapana. Baba anayeshuka katika shimo anatafuta unga na pesa ya masomo. Anayevuta muvuke anatafuta raha. Mungu anajua kutenga njaa na anasa, na sisi tusimuhukumu baba wa mine kama tunavyokemea anasa. Wenye makampuni na wenye mamlaka nao wako na hesabu yao, na ni haki tuwaombe, kwa heshima na bila woga, wanyunyizie barabara maji na kufunika makamyo. Lakini zambi ya mukubwa haitoi ruhusa kwa mudogo. Kwa sababu jirani ana shimo, sisi hatupati haki ya kuchimba la pili.

Tena hata kazi ya haki iko na sheria ya upendo. Sisi Wakimbangu tunavua viatu tunapoomba, kwa heshima ya mahali patakatifu. Mahali mutoto anapolala napo ni patakatifu. Basi baba anayetoka mine avue nguo za kazi inje, aoge kabla ya kumubeba mutoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake. Mufuko wa mawe usilale ndani ya chumba. Mama, kabla ya kufagia, anyunyize maji ili vumbi isipande. Haya hayaombi pesa nyingi. Hayaponyi muji muzima, lakini yanaonyesha kwamba tunaelewa amri kupita herufi zake.

Sasa ulizo la vijana liko na jibu. Usiulize tu, “Jina la kitu hiki limeandikwa katika amri?” Uliza, “Kitu hiki kinafanya nini kwa pumzi yangu, na kwa pumzi ya yule aliye karibu nami?” Ukiuliza hivyo mbele ya Mungu, kifaa cha ndizi na cha maembe utakiweka chini wewe mwenyewe, bila shemasi kukuchunguza mifukoni. Na yule ambaye nikotini imekwisha kumufunga asifichame. Aje kwa wazee, tuombe pamoja naye, aende pia kwa munganga. Mutumwa hapigwi, anafunguliwa.

Wapiga filimbi na vijana wa fanfare, ninyi munajua kupita wote kwamba wimbo ni pumzi tu iliyopita katika bomba. Bomba moja linatoa sifa, bomba lingine linatoa sumu, na kifua ni kimoja. Muchague.

Upendo utufundishe maana ya Amri, na Amri ionekane katika Kazi. Mungu Baba, Mwana na Roho Mutakatifu awabariki na kuwalinda, ninyi na nyumba zenu. Amina.