Nani Alilipia Breki?

Tarehe 25 Februari 1899, Edwin Sewell aliteremsha gari la Daimler kwenye mlima wa Grove Hill, Harrow, pembeni mwa London. Ilikuwa safari ya maonyesho. Miongoni mwa abiria alikuwemo Meja James Richer, aliyekuja kuangalia kama magari ya aina hiyo yangefaa kununuliwa na duka la Army & Navy. Mlimani Sewell akafunga breki, gurudumu la nyuma likasambaratika, watu wakarushwa nje. Sewell alikufa papo hapo. Richer naye akafa siku chache baadaye.

Tumezoea kuwaweka wote wawili kwenye kapu moja la "ajali". Mimi sikubali. Sewell alikuwa mtu wa kazi hiyo, alijua chombo bado kinatafutwa. Richer alikuwa mteja. Yeye alidhani anaonyeshwa kitu kilichokwisha kutengenezwa. Kumbe naye alikuwa sehemu ya jaribio, ila hakuna aliyemwambia.

Sasa angalia dramu ya breki yenyewe. Mwaka 1902 Louis Renault alileta ile tunayoitambua hadi leo: viatu viwili ndani ya dramu, ukikanyaga vinatanuka na kuikaba. Wazo zuri, lakini chuma kina tabia zake. Msuguano unageuza mwendo kuwa joto, na dramu ikipata joto inatanuka, inakikimbia kiatu. Yaani breki inapungua nguvu pale pale unapoihitaji zaidi, katikati ya mteremko. Dramu za bati la chuma cha pua zilikuwa nyepesi, ila zilipinda na kuchubuka. Za chuma cha kusubu zilistahimili msuguano, ila zilikuwa nzito na zingeweza kupasuka. Miaka ya 1930 kule Marekani ndipo wakaoanisha vyote viwili: ganda la chuma cha pua linazungushwa kwa kasi, chuma kilichoyeyuka kinamiminwa ndani na kushikamana nalo.

Hesabu basi: tangu Renault hadi hapo ni takriban miaka 30. Katika miaka yote hiyo magari yaliuzwa, na milima ilikuwa palepale.

Utaniambia: bila kujaribu tungepataje breki? Kweli, na mikokoteni ya farasi nayo iliua. Kiwandani unaweza kuzungusha dramu kutwa nzima, lakini hautapata mvua, tope, mzigo uliozidi na dereva aliyechoka. Kwa hiyo simlaumu fundi kwa asichokijua. Ninayemlaumu ni anayejua, akanyamaza ili mauzo yaendelee.

Na hapo ndipo kisa cha asbesto kinaponikaba koo. Herbert Frood, wa Derbyshire, alianza kutumia asbesto kwenye laini za breki mwaka 1908, na ni haki tuseme: zilivumilia joto, na bila shaka ziliokoa watu wengi barabarani. Lakini mwaka 1924 alikufa Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto huko Rochdale, mapafu yake yameharibiwa na vumbi. Mwaka 1931 Uingereza ikaweka kanuni za vumbi hilo viwandani. Kupiga marufuku asbesto yote? Mwaka 1999! Hapo huwezi kusema hatukujua.

Abiria aliokolewa, na fundi akavuta vumbi lililomwokoa abiria. Hawakukaa meza moja wakakubaliana hivyo. Mtu wa tatu, mwenye faida, ndiye aliyewapangia.

Pale Grove Hill mwaka 1969 waliweka kibao cha kumbukumbu kinachowaasa wapitao wawe waangalifu. Kinamwasa dereva. Siku hizi nikipita gereji nikaona kijana ameinama, anapuliza dramu kwa kompresa, uso mzima umejaa vumbi jeusi, namuuliza laini hizo zimetengenezwa kwa nini. Hucheka tu. "Bro, mi nafunga, siulizi."