Bembea Mbele ya Goli

Afisa wa hadithi hii hana jina wala ofisi. Nimemuunga kutokana na wengi wa aina yake, na anayeijua Eastlands ya Nairobi atamtambua. Alikuwa msanifu wa maeneo ya umma, mwenye nia njema, tena alikuwa ametoka hotelini kufunzwa namna ya kuwashirikisha watoto. Aliiva. Angekutajia kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, na Sheria ya Watoto ya 2022 inayotaka mtoto asikilizwe katika jambo linalomhusu. Hata ngazi ya ushirikishwaji ya Roger Hart alikuwa nayo daftarini: vidato 8, na vile 3 vya chini, ambako mtoto hutumiwa, hugeuzwa pambo au huwekwa kwa jina tu, Hart alikataa tangu 1992 kuviita ushirikishwaji.

Akapelekwa Dandora, huko huko Eastlands. Mtaa huu ulianza miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: mtu alipewa kiwanja chenye choo na bomba, nyumba akajijengea mwenyewe. Nyumba zikazunguka nyua, na nyua hizo ndizo uwanja wa watoto, mahali pa kuanika nguo na njia ya mkokoteni wa maji, vyote kwa pamoja.

Watoto walipoitwa kutoa maoni, michoro ya uwanja wao ilikuwa tayari na bajeti imepitishwa. Walivishwa tisheti, wakaghani shairi, kreti za soda zikiwa zimepangwa mbele yao. Afisa akakunjua karatasi kubwa yenye bembea za chuma na bustani. "Mnaipenda?" "Ndiooo!" Nani atakataa kabla soda haijafunguliwa?

Mvulana mmoja akanyoosha mkono. "Anko, hapo ni goli."

Msichana aliyembeba mdogo wake mgongoni akadakia: "Na hizo cheni zitalala kwa wa skrapu."

Watu wazima wakacheka. Mwandishi wa kumbukumbu akaandika kwamba watoto wamefurahi.

Cheni hazikumaliza mwezi. Mpira ulirudi mahali pake, ukipita katikati ya nguzo tupu za bembea, ambazo kusema kweli ni goli zuri.

Yule msichana anaijua pembe ambayo mama mboga huitazama tangu asubuhi hadi taa ziwake, pembe ambayo kitu hakiibwi na mtoto haguswi. Anajua kuwa anayelea mdogo wake hana haja na bembea. Anataka kivuli na mahali pa kukaa huku akiwaona wenzake wakicheza. Anajua pia kwamba tairi lililofukiwa nusu halina bei kwa mtu wa skrapu. "Mnaipenda?" haiwezi kuyatoa hayo. Ni umfuate nyuma, kimya, kabla hujachora mstari hata mmoja.

Mimi lawama naipeleka hotelini, ambako ushirikishwaji wa watoto ulifundishwa bila mtoto hata mmoja chumbani. Hakuna muuguzi anayehitimu bila kufika wodini.

Mkufunzi wa afisa yule, na hapa nampa heshima yake, alibadilika. Mafunzo yaliyofuata aliyafanyia uani. Kila mshiriki alikabidhiwa kwa mtoto, wazazi wakiwa wameridhia, akaambiwa amfuate asubuhi nzima bila karatasi wala kalamu. Kabla hawajatawanyika, mkono mmoja ukainuka: mshiriki alitaka kujua kama posho ya hoteli bado ipo.