Mshairi na Madaraka

Wako wasemao kwamba mshairi akikubali cheo amekwisha kuuza ulimi wake. Neno hili si la kupuuzwa, kwani sifa zikilipiwa huacha kuwa sifa, na alaye mezani kwa mkubwa huona haya kumkosoa. Lakini je, ni kweli siku zote?

Na tuitazame njia ya kale ya misafara, itokayo Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walijitwika mizigo ya takriban kilo 30 kila mmoja. Na pamoja na nguo na pembe za ndovu, Kiswahili nacho kilisafiri. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa. Basi lugha iliyosikika katika biashara ya watu ndiyo iliyokuja kudai uhuru wa watu. Lugha ni chombo. Wema wake hutegemea mikono iliyoishika.

Huko Ujiji alizaliwa Kaluta Amri Abedi mwaka 1924, naye akasoma Tabora. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Mwaka huo huo Saadani Kandoro, mshairi mwingine mzaliwa wa Ujiji, alikuwa miongoni mwa waasisi 17 wa TANU. Amri akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, na mwaka 1963 Waziri wa Sheria. Alifariki mwaka 1964.

Aliyeeleza sheria za mashairi akakabidhiwa sheria za nchi. Tofauti yake ni ipi? Sheria ya vina na mizani mshairi hujitwika mwenyewe. Akiikosa, hakuna askari wa kumkamata, ila wenziwe humsahihisha. Sheria ya nchi ina gereza nyuma yake. Kwa hiyo hatari ya mshairi mtawala si cheo chenyewe, bali ni kusahau kusahihishwa. Katika malumbano ya washairi hoja hujibiwa kwa hoja, wala jina kubwa haliokoi shairi guni.

Naye akaaye kando asidhani ametakasika. Mzigo alioukataa utachukuliwa na mwingine, pengine asiyejua uzito wa neno.

Basi, ewe mwanafunzi, usimwulize mshairi kama ameingia katika utawala. Muulize kama, akiwa humo, bado yu tayari kujibiwa.