Kadari na Moyo wa Mtoto

Mtoto anapozaliwa na kasoro ya moyo, maswali mawili huja pamoja: imekuwaje, na kwa nini yeye? La kwanza ni la tabibu, la pili ni la imani. Madhara huanza pale moja linapojibiwa kwa jibu la jingine.

Mishipa inayolisha misuli ya moyo hutoa mfano ulio wazi. Katika kasoro moja iliyo adimu sana, mshipa wa kushoto huota kwenye ateri ya mapafu badala ya aota. Tumboni mwa mama hakuna shida, kwa kuwa shinikizo la damu katika ateri hizo mbili linakaribiana. Wiki chache baada ya kuzaliwa, shinikizo la mapafu hushuka, na damu iliyopaswa kulisha moyo hupotelea huko. Mtoto akinyonya hutoka jasho, huhema, huachia titi na kulia. Ni rahisi kudhaniwa ana mchango au nimonia. Kipimo cha umeme wa moyo huonyesha misuli iliyoumia. Kipimo cha eko huonyesha mshipa ulikoanzia. Mpasuaji huuhamishia kwenye aota. Asipopasuliwa, mtoto mara nyingi hafikishi mwaka.

Hilo ni jibu la swali la kwanza. Kwa swali la pili, Tabora, njia panda ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji, ilikutanisha mizimu ya Wanyamwezi, Uislamu na Ukristo. Mfumu, mganga wa jadi wa Kinyamwezi, hutafuta mzimu uliosahauliwa. Muislamu hutaja kadari. Lakini Khalifa Omar, alipogeuza safari kuikwepa tauni ya Shamu, alieleza kuwa anatoka katika kadari moja ya Mungu kwenda katika nyingine. Katika Injili ya Yohana, Yesu alikataa kwamba upofu wa kuzaliwa ulitokana na dhambi ya kipofu au ya wazazi wake.

Basi utambuzi wa ugonjwa humwondolea mama lawama, ingawa haumwambii kwa nini ni mwanawe. Na kadari, kwa kuwa haijulikani kabla haijatimia, haiwezi kuwa sababu ya kubaki nyumbani. Kutoka Hospitali ya Kitete, mjini Tabora, hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, ni zaidi ya kilomita 800. Umbali huo, nauli na gharama za matibabu ni mambo yaliyo mikononi mwa watu. Kuyaita mapenzi ya Mungu ni kumtwika Mungu wajibu wa binadamu.